Maswali ya Wasomaji: Kimeo Hakina Hatia

Barua sita za mwezi huu zimetoka Lamu, Malindi na vitongoji vyake, na zote ni za sauti iliyoharibika. Tumezijibu pamoja kwa sababu kiini chake ni kimoja: kuna kitu kimeota kwenye nyuzi za sauti, au kinashukiwa, na bado haijajulikana ni nini hasa. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwadhini, umri wangu miaka 58, nakaa Langoni, Lamu. Huu mwezi wa nne sauti imenipwelea, adhana ya alfajiri siifikishi mwisho. Nimekunywa tangawizi na asali, nimetumia habasoda, na kliniki wamenipa vidonge vya koo mara tatu. Sasa mzee mmoja ananiambia ni kimeo, nikikate. Sigara nilivuta zamani, nimeacha. Mnasemaje?

JIBU: Wa alaykum salaam, maalim. Usikikate. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na sauti haitoki hapo. Sauti hutoka chini zaidi, ndani ya zoloto, lile gumu linalopanda na kushuka shingoni ukimeza mate. Mle ndani mna nyuzi mbili za nyama, kwa mwanamume kila moja ina urefu wa karibu sentimita mbili, na ukiadhini hukutana na kuachana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Ngozi yake ya juu ni nyembamba sana, na chini yake mna tabaka laini linaloteleza mfano wa ute wa yai. Kikiota kitu hapo, hata cha ukubwa wa punje ya mtama, uzi mmoja huwa mzito kuliko mwenziwe, hazifungi sawasawa, pumzi huvuja katikati na sauti hukwaruza. Ndiyo maana ugonjwa wa mahali hapa hujitangaza mapema kuliko wa sehemu nyingine za koo, na ndiyo maana inauma kuona miezi minne ikipita bila mtu kutazama. Anayekata kimeo hafikii nyuzi hizo kabisa. Atakuachia kidonda, damu, na hatari ya pepopunda, na nyuzi zitabaki vilevile.

Mtu mzima aliyepwelewa na sauti zaidi ya wiki tatu, hasa aliyewahi kuvuta, anatakiwa atazamwe zoloto. Tunasema atazamwe, hatusemi aongezewe dawa. Vidonge vya kuua bakteria havina kazi hapa. Vidonge vya prednisoloni ni vibaya zaidi vikitangulia kabla ya kutazamwa, kwa kuwa hupunguza uvimbe wa pembeni, sauti ikarudi kwa wiki mbili, mgonjwa akashukuru na kukaa nyumbani, kumbe kilichoota kiko palepale.

Anzia Hospitali ya King Fahd hapo Lamu, omba barua ya rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa kabla hujapanda boti ya Mokowe. Uchunguzi wenyewe si wa kuogopesha. Utakaa kwenye kiti, utapuliziwa puani dawa ya ganzi ya lignokeini, kisha daktari atapitisha kamera laini yenye unene wa milimita 3 au 4. Atakuambia useme "iiii" kwa muda mrefu, kisha uvute pumzi kwa pua kama unayenusa udi. Anatazama mambo mawili: kuna nini juu ya nyuzi, na je, zote mbili zinatembea? Uzi uliosimama hauna maana sawa na uzi wenye uvimbe. Mshipa wa fahamu wa upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, ukazunguka mshipa mkuu wa damu, ndipo upande tena kwenye zoloto. Kwa hiyo uzi wa kushoto ukiwa umelala, kifua nacho lazima kipigwe picha.

Kabla hujaondoka Lamu pima makohozi ya kifua kikuu, hata kama hukohoi sana, na upime VVU. Kifua kikuu cha zoloto huweza kufanana na saratani kiasi cha kumkosesha hata daktari mzoefu, nacho hupona kwa vidonge.

Usisubiri tarehe ya rufaa ukiona dalili hizi: pumzi kutoa mlio ukivuta hewa ndani, maumivu ya koo yanayokimbilia sikioni, damu kwenye mate, kushindwa kumeza, au tezi ngumu shingoni. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Babangu ana miaka 47, tuko Malindi. Sauti ilimkauka, akakatwa kinofu hospitali moja, jibu likaja saratani ya nyuzi za sauti na akapangiwa mionzi. Tukaenda hospitali nyingine, wakakata tena, wakasema si saratani, ni uvimbe wa seli za chembechembe. Tumwamini nani? Hatulali.

JIBU: Binti yetu, swali lako limetushughulisha kuliko yote, na pole kwa usiku mnaoupitia. Inawezekana sana kwamba jibu la pili ndilo sahihi. Na hata la kwanza huenda halikuandikwa kwa uzembe.

Zaidi ya saratani 90 katika kila 100 za zoloto ni za aina moja, ile inayoanzia kwenye ngozi ya juu. Mpatholojia, yaani daktari anayesoma vinofu maabara, akipokea kinofu cha nyuzi za sauti, hiyo ndiyo anayoitarajia. Uvimbe wa seli za chembechembe ni nadra. Aliyeueleza kwanza ni mpatholojia wa Urusi, Abrikossoff, mwaka 1926, na leo inajulikana kwamba unatokana na seli zinazoizunguka mishipa ya fahamu. Hukaa chini ya ngozi, mara nyingi sehemu ya nyuma ya uzi, mviringo, mweupe au wa manjano kidogo, na kwa kamera ngozi iliyoufunika huonekana nzima. Shida ni kwamba ngozi hiyo ya juu hukasirika. Huota mizizi kuelekea chini, minene, yenye ncha, na chini ya hadubini mizizi hiyo hufanana mno na saratani inayopenya. Aliyekata juujuu, milimita moja tu, amepeleka maabara ngozi iliyokasirika bila uvimbe wenyewe. Aliyesoma akasoma alicholetewa.

Anayekata kwa kina hupata seli kubwa za waridi zilizojaa chembechembe, na jambo humalizwa na vipimo vya rangi maalumu: uvimbe huu hushika rangi za S-100 na SOX10, hali saratani ya ngozi ya juu hushika rangi za keratini na p40. Kwa hiyo iangalie ripoti ya pili. Je, vipimo hivyo vimetajwa kwa majina pamoja na majibu yake? Kama vimetajwa, ina uzito. Kama imeandikwa kwa kuangalia tu, omba vifanywe.

Kisha fanyeni jambo moja zaidi. Kila kinofu kilichosomwa huhifadhiwa maabara ndani ya kipande cha nta. Rudini hospitali ya kwanza mkaombe kwa maandishi vipande vya nta na vioo vyake vya hadubini, mkavichukue na vya pili, vyote visomwe kwa pamoja na mpatholojia mwenye mazoea na uvimbe wa kichwa na shingo. Ni ombi la kawaida na halimvunjii mtu heshima. Msisahau CD ya picha na, kama ipo, video ya kamera, maana anayesoma kioo bila kujua uvimbe ulionekanaje anasoma nusu ya habari.

Tunasisitiza hivi kwa sababu matibabu yanaachana njia. Saratani ndogo ya kawaida ya uzi mmoja hupona kwa mionzi kwa karibu wagonjwa 9 kati ya 10. Mpango unaotumika sana ni vikao 28, siku tano kwa wiki. Uvimbe wa seli za chembechembe haushughulikiwi na mionzi. Mzee angekauka koo na kukakamaa nyuzi bure, na uvimbe ungebaki. Dawa yake ni kuutoa wote kwa kisu kidogo au leza kupitia kinywani, akiwa kwenye nusukaputi, pamoja na ukingo mwembamba tu wa nyama nzima. Ukitoka wote hurudi kwa nadra. Kati ya 100, ni 1 au 2 ambao huwa wa saratani, na mpatholojia atausema kwa kuhesabu seli zinazogawanyika na kutafuta sehemu zilizokufa. Baada ya hapo kamera kila miezi michache mwaka wa kwanza, kisha mara moja kwa mwaka.

Mionzi isimamishwe mpaka vioo visomwe upya. Wiki mbili za kungoja usomaji hazitamdhuru mtu ambaye uzi wake unatembea na pumzi yake ni safi.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, Lamu. Vinofu vyetu husafiri kwa boti na basi hadi maabara ya Mombasa, na mara nyingine jibu hurudi "hakisomeki". Tunakosea wapi?

JIBU: Kinofu cha nyuzi za sauti huwa na milimita 2 au 3. Hakistahimili kosa hata moja. Kosa la kwanza hutokea mkononi mwa anayekata: koleo likibana katikati ya kinofu, seli husagika zikawa michirizi ya buluu, na hakuna maabara duniani itakayozirudisha. Kishikwe ukingoni.

Kilaze juu ya kipande kidogo cha karatasi, upande wa ngozi ukitazama juu, subiri kama dakika moja kishike, kisha tumbukiza pamoja na karatasi. Kikielea ovyo hujikunja, na aliyeko Mombasa hatajua juu ni wapi na chini ni wapi. Naye hawezi kusema kama ugonjwa umepenya ikiwa hajui ulikotokea.

Maji ya kuhifadhia ni fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi. Ukichanganya mwenyewe ni sehemu 1 ya fomalini kali kwa sehemu 9 za maji pamoja na chumvi za fosfeti. Msitumie maji ya chumvi ya dripu, wala spiriti, na kisikae kikavu hata kwa muda wa kutafuta chupa. Fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinofu, ndani ya chupa yenye mdomo mpana. Joto la basi halitakiharibu, lakini kisigandishwe kwenye barafu. Jina, tarehe na upande viandikwe kwenye ubavu wa chupa. Kifuniko hubadilishwa, na chupa mbili za boti moja zikibadilishana vifuniko mnakuwa mmempa mtu ugonjwa wa mwenzake.

Mkishuku kifua kikuu, kateni kinofu cha pili kiende kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi, kwa sababu fomalini huua vijidudu na kipimo hakitaotesha kitu. Mkishuku limfoma, pigeni simu maabara kwanza, huenda wakataka kingine kibichi.

Fomu nayo ijazwe kwa kweli. "Uvimbe wa koo" haimsaidii mtu. Andikeni: uzi wa kulia, theluthi ya nyuma, laini, wa manjano, ngozi nzima, uzi unatembea, mgonjwa havuti. Maneno hayo kumi na matano ndiyo yanayomfanya msomaji akumbuke magonjwa nadra.

SWALI: Mimi ni fundi wa majahazi, Matondoni, miaka 63. Mwaka mzima nimetibiwa pumu, natumia dawa ya kuvuta, haisaidii. Juzi skani imeonyesha uvimbe kwenye mfupa wa koo. Wanataja kondrosakoma. Naogopa kutobolewa shingo. Mionzi haitoshi?

JIBU: Mzee wetu, pole kwa mwaka uliopotea. Pumu hupiga mlio mtu anapotoa pumzi. Zoloto likiziba, mlio husikika zaidi anapovuta ndani. Mtu yeyote akikaa nawe chumba kimya, ukapanda ngazi kumi, angesikia tofauti. Aidha dawa ya kuvuta yenye steroidi nayo hukausha sauti, basi mambo yakachanganyika.

Kinachoitwa mfupa hapo ni gegedu. Chini ya nyuzi za sauti mna gegedu la duara kamili mfano wa pete ya muhuri, nyembamba mbele, pana nyuma. Katika njia yote ya hewa hiyo ndiyo pete pekee iliyofunga. Nyingine zote ziko wazi nyuma. Kondrosakoma, yaani saratani ya gegedu, hupenda kuanzia kwenye ule ubapa wa nyuma, kwa wanaume wa umri wako hasa. Ni chini ya uvimbe 1 kati ya 100 za zoloto. Skani ya CT ya vipande vyembamba vya milimita 1 huonyesha madoa ya chokaa yaliyotawanyika ndani yake kama bisi, na picha hiyo karibu inajitaja yenyewe. Kinofu bado kinahitajika, na kikatwe ndani kabisa, kwa kuwa ngozi ya juu ni nzima na kipande cha juujuu kitarudi "kawaida".

Habari njema ni kwamba aina iliyo nyingi ni ya daraja la chini. Hukua polepole, kwa miaka, na mara chache husafiri kwenda mapafuni au kwenye tezi. Kwa sababu hiyohiyo ya kukua polepole mionzi haiishiki vizuri, na tiba ya kwanza ni upasuaji. Hapa ndipo tungependa uulize sana. Kwa uvimbe wa daraja la chini hakuna haja ya kukimbilia kuondoa zoloto zima. Huweza kukwanguliwa au kukatwa sehemu, sauti ikabaki. Kinachoamua ni kiasi gani cha pete kitasalia: ikiondolewa zaidi ya nusu, njia ya hewa hujikunja kama mtumbwi uliotolewa mataruma, na huhitaji kujengwa upya au, mwisho kabisa, kuondoa lote.

Tundu la shingoni usiliogope hivyo. Mara nyingi huwekwa kwa muda tu ili upasuaji ufanyike salama na uvimbe wa kidonda utulie, kisha hufungwa. Hatari kubwa kwako ni kuendelea kupumua kwa njia iliyobana halafu mafua yakaingia. Ukiona huwezi kulala chali, au unashindwa kumaliza sentensi, usingoje basi la asubuhi. Mwambie kila daktari wa nusukaputi, kabla hajakugusa, kwamba njia ni nyembamba chini ya nyuzi, ili aandae mrija mdogo na mpasuaji awe chumbani.

Baada ya upasuaji utafuatiliwa maisha yako yote. Uvimbe huu hurudi hata baada ya miaka 10.

SWALI: Mwanangu ana miaka minne, tuko Mambrui. Ana papiloma za koo, ameshafanyiwa upasuaji mara sita na zinaota tena. Watu wananiambia nimemwambukiza mimi. Zitakwisha?

JIBU: Mama, papiloma husababishwa na virusi vya HPV, aina ya 6 na 11. Ni virusi vilivyoenea mno, watu wengi huvipata na kuvimaliza bila kujua, na mtoto huweza kukutana navyo wakati wa kuzaliwa. Hakuna ulichofanya kibaya, na hata kujifungua kwa upasuaji hakupendekezwi kama kinga yake.

Si saratani. Ni vijinyama kama koliflawa ambavyo vikiondolewa, virusi hubaki kwenye ngozi ya pembeni inayoonekana safi, ndiyo maana hurudi. Basi lengo la kila upasuaji ni pumzi na sauti, wala si kukwangua mpaka chini. Daktari anayeacha kidogo pale mbele ambapo nyuzi mbili hukutana anafanya vyema: akizichubua zote mbili kwa siku moja hushikana zikafanya utando, na utando huo ni mgumu kuliko papiloma zenyewe. Kila mara kinofu kiende maabara, kwa sababu kwa wachache hugeuka kuwa saratani. Tundu la shingoni kwa mtoto huyu liepukwe kadiri iwezekanavyo, kwani papiloma huweza kushuka kulifuata. Likilazimu kwa kuokoa pumzi, liwe na mpango wa kufungwa mapema.

Akihitaji upasuaji zaidi ya mara nne kwa mwaka, au zikishuka kwenye bomba la hewa, uliza kuhusu dawa iitwayo bevasizumabu, inayopitishwa kwenye mshipa wa damu. Imewapunguzia wagonjwa wengi safari za chumba cha upasuaji, ila presha ya damu na protini kwenye mkojo hupimwa kabla na wakati wote. Kwa watoto wengi ugonjwa hulegea kadiri wanavyokua, ingawa hatuwezi kukupa tarehe.

Usiku msikilize akilala. Mbavu zikivutwa ndani na shingo ikibonyea juu ya kifua, mkalishe wima, usimlaze, usimwingize kidole wala kijiko kooni, nendeni hospitali ya Malindi saa hiyohiyo. Jiko la kuni liwe mbali naye, na anayevuta sigara avutie nje.

Na mabinti wengine wa nyumba hiyo wapate chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Chanjo yenye kinga ya aina 6, 11, 16 na 18 ndiyo iliyoanza kutumika Australia mwaka 2007, na huko watoto wapya wenye papiloma za koo wamepungua mpaka wakawa wa kuhesabika.

SWALI: Nahodha, Shela. Nimetolewa uvimbe kwenye uzi wa sauti kwa leza wiki hii. Ninyamaze mpaka lini? Nong'ona inaruhusiwa?

JIBU: Fuata siku ulizoandikiwa na mpasuaji wako, wengi hutoa kati ya 3 na 7 za kimya kabisa. Baada ya hapo anza na dakika tano kila saa, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye karibu nawe, uongeze kidogokidogo. Kunong'ona kwa nguvu usifanye, hubana zoloto kuliko kusema. Usikohoe kwa kujisafisha koo, kunywa maji. Kikohozi kikikushika, meza mate.

Kupaza sauti juu ya mashine ya boti ngoja angalau wiki sita, na ukianza tumia filimbi au mkono kumwita baharia. Kidonda cha nje hufunga mapema, lakini lile tabaka laini la chini huendelea kujipanga kwa miezi, na sauti ya mwezi wa kwanza siyo utakayobaki nayo. Na jibu la maabara ulifuate mwenyewe, ulisome, uondoke na nakala.